Wimbo wa Mlango wa Mto

Juzi nilipanda basi kutoka Kilosa hadi Mikumi kuwasikiliza watoto wa shule wakiimba. Mwalimu wao ni mdogo wangu. Ameichukua hadithi ya bibi yetu akaitungia nyimbo, zikapigiwa kinanda na ngoma, na wasichana wakavaa kaniki kuwa vivuli. Wazazi waliinua simu kurekodi. Mimi nilishika ukingo wa benchi, maana nilijua wimbo gani unafuata.

Hadithi hiyo, rafiki yangu, tuliisikia kijijini Ruhembe, jikoni kwa bibi, tukimenya mihogo huku moshi ukituchoma macho. Wazazi wetu walikuwa wamefariki. Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo niliacha shule darasa la tano nikaenda kupalilia miwa ya watu. Bibi alitusimulia habari za binti aliyekifuata kivuli chake hadi nchi iliyo chini ya mto. Huko kuna viumbe wanaoiga sauti za ndugu zako na kukuita kwa jina. Ukiitika, mlango unafungwa nyuma yako. Ndugu wa kweli hakuiti jina. Anaimba, nawe unamjibu kwa wimbo.

Bibi alianzisha: "Mwana wa mama, uko wapi?" Mdogo wangu, wakati huo ana miaka sita, alijibu kwa sauti nyembamba: "Niko mlangoni, nishike mkono."

Sharti lilikuwa moja tu, nyimbo za hadithi haziimbwi mchana. Aimbaye jua likiwaka, bibi alisema, huchukuliwa na hadithi yake.

Siku moja nilikuwa nafua uani, mgongo unaniuma kwa jembe la asubuhi. Mdogo wangu akawa anaruka juu ya kivuli chake na kuuimba wimbo ule kwa sauti yake yote. Nilimpiga kofi la mgongo nikamwambia viumbe wa mto wameshamsikia, sasa wanakuja kumchukua, na watakuja na sauti yangu. Sikuwa na maana yoyote. Nilikuwa nimechoka tu. Nilipoinua macho kutoka kwenye beseni hakuwepo. Nyayo zake zilikuwa zimevuka barabara ya matrekta na kuingia kwenye miwa.

Shamba lile lilikuwa la kuchomwa alasiri hiyohiyo. Miwa huchomwa majani kabla ya kukatwa, na moto ukishaingia hauombwi kutoka. Wakataji walikuwa wamekaa kwenye tuta wakinoa mapanga. Nilimpa nyapara shikamoo, nikashindwa hata kungoja marahaba, nikamweleza. Mkataji mmoja alicheka, akasema mtoto atakuwa kwa jirani anakula maandazi. Kisha aliniona uso, akaacha kunoa.

Wote walisimama wakaita jina lake. Ng'ambo ya shamba moshi ulikuwa umeanza kupanda. Kikosi cha huko kilikuwa kimeshawasha. Nyapara alimtuma mtu kwa baiskeli akawazuie wasiendelee, halafu akanigeukia.

"Binti, moto uliokwisha kuwaka hauna masikio. Tumpate sasa hivi."

Kadiri walivyoita, ndivyo miwa ilivyonyamaza. Mbali kidogo ilianza kupasuka kwa moto, kama bisi kwenye sufuria. Hapo ndipo nilipoelewa. Yuko karibu, anatusikia, na hatatoka. Kwake yeye, kila aliyemwita jina alikuwa ametoka chini ya mto, na mimi ndiye wa kuogopwa kuliko wote. Mimi mwenyewe nilimwambia watakuja na sauti yangu.

Niliwaomba wanyamaze. Bibi alikuwa ameshafika, kanga imemwanguka begani, pumzi hana. Nilimtazama kwa sababu jua lilikuwa bado juu.

"Imba," alisema. "Kama kuna wa kuchukuliwa, nichukuliwe mimi."

Nikaimba. Mwana wa mama, uko wapi? Halafu tukangoja. Nimengoja mvua, nimengoja majibu ya mitihani ya mdogo wangu, lakini sijawahi kungoja kama siku ile. Jivu lilinitua mkononi. Ndipo, umbali wa kutupa jiwe tu, ikaja ile sauti nyembamba.

"Niko mlangoni, nishike mkono."

Nyapara aliingia mzimamzima akatoka naye kwapani, mashavu yamechanwa na majani. Mtoto hakumshika. Mkono aliunyoosha kwangu.

Bibi hakutuimbia tena wimbo ule. Hakuna kilichomchukua isipokuwa uzee, miaka mingi baadaye. Jiko lake limeanguka, na sijui kama Ruhembe yupo bado anayewakataza watoto kuimba hadithi mchana. Mdogo wangu naye huniambia hakumbuki kitu, ila utamu wa kipande cha muwa.

Basi pale Mikumi msichana wa mbele akauliza, mwana wa mama, uko wapi? Mdogo wangu akainua kiganja kuwasimamisha. Kinanda kikakoma, watoto wakafunga midomo. Mama mmoja mbele yangu alishusha simu akamnong'oneza mwenzake, "Masikini, wamesahau."

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa uwanja mzima. Nilitaka kumwambia mama yule angoje kidogo. Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka mbele, kiganja wazi, kabla watoto hawajajibu.