Kompyuta ya Karani wa Kanisa

Baba yangu alikuwa na kompyuta ambayo ukishaiwasha unaweza kwenda kuchuma majani chai mstari mzima, ukarudi, ukaikuta bado inajifikiria. Sitii chumvi. Nilijaribu siku moja, na nilirudi na kikapu kikiwa nusu.

Shule ilimpa alipostaafu ualimu. Aliiweka chumba cha mbele, akaifunika kitambaa cha kufuma alichokiacha mama, na akatutangazia sote kwamba hakuna mkono mwingine utakaoigusa. Mimi kitinda mimba wake, ninayefundisha kompyuta katika chuo kidogo mjini Kisii, niliruhusiwa kuipangusa vumbi kwa nje tu.

Utauliza, mzee wa miaka sabini na kitu, huku kwetu Nyamira, ana shughuli gani na kompyuta? Alikuwa karani wa kanisa. Kumbukumbu za vikao, barua za washiriki wanaohama, matangazo ya kila Sabato, yote yalipitia kwake tangu mimi sijang'oa meno ya utoto. Kwa sababu ya kazi hiyo alinyoa ndevu na kuvaa tai hata Jumanne, siku ambayo hakuna wa kumwona isipokuwa ng'ombe.

Halafu mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Kalamu ikamshinda kabisa. Kanisani hakuna aliyejua, kwa maana mkono wenyewe aliutia mfukoni, na wa kumsalimu akapewa wa kushoto na kisingizio cha kuteguka. Kuteguka gani huko kwa miaka miwili! Nyumbani alichapa kwa kidole kimoja cha kushoto, herufi moja baada ya nyingine. Bila ile mashine hakuwa karani tena, na yeye alijua, na mimi nilijua, na hatukuwahi kulitaja.

Mwaka ulipokaribia kuisha, maneno yakaanza. Matangazo yanachelewa. Karani amechoka. Kuna kijana ana kompyuta ya kubeba, kwa nini asipewe nafasi? Kamati ya uchaguzi ilikuwa ikae baada ya majuma machache. Maneno yalimfikia Baba, na jioni hiyo alikula ugali wake akiangalia ukuta. Niliumia, jamani. Niliumia hadi nikakasirika.

“Baba, wacha nikuongezee vipuri kwenye hiyo mashine,” nikamwambia.

“Mashine ni nzima,” akasema. “Shida yenu ni haraka.”

Basi nikaamua kumtengenezea bila ruhusa yake.

Ijumaa iliyofuata, kabla ya kupanda gari la nyumbani, niliingia duka moja mjini Kisii linalouza vipuri vya kompyuta vilivyokwisha tumika. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi, na vipuri vyake vimerundikwa kwenye makarai ya plastiki mithili ya viazi. Nilichagua memori mbili, diski ya kisasa isiyokuwa na kitu kinachozunguka ndani, na betri ndogo ya mviringo ya kuendeshea saa ya kompyuta, maana ile ya Baba ilikuwa imekufa zamani na mashine iliamini tuko mwaka ambao mimi nilikuwa bado mwanafunzi. Mzee akataja bei. Nikampigia dada yangu simu hapo hapo kaunta, nikamweleza kwa Ekegusii kwamba huyu babu ananiona mjinga, sasa nitajifanya naondoka, nifike mlangoni, ataniita tu.

Nikaondoka. Nikafika mlangoni. Kimya. Nikajifanya nafunga kiatu, na kiatu chenyewe hakikuwa na kamba.

“Mlangoni umeshafika,” akasema yule mzee kwa Ekegusii safi kuliko changu. “Sasa unangoja nini? Mimi nimezaliwa hapa, mama. Njoo tuelewane.” Tulielewana, ila aliyelegeza msimamo ni mimi.

Tatizo lililobaki lilikuwa ni lini. Baba hutoka chumba kile kwa kulala na kwa kanisa tu. Usiku angesikia hata panya akipiga chafya. Kwa hiyo ilibaki Jumamosi, Sabato yetu, siku ambayo kwetu hata kuni hazipasuliwi. Nilikuwa mwalimu wa darasa la watoto kanisani, ninayewafundisha kila juma kwamba siku hiyo mikono ipumzike. Asubuhi nikajikunja kitandani nikashika tumbo. Woi, nililia vizuri! Baba aliniombea kwa dakika kumi nzima, akaniwekea chai ya tangawizi, akaondoka na tai yake. Nikaona haya kidogo. Kisha nikatoa bisibisi chini ya mto.

Ndani ya lile sanduku kulikuwa na vumbi la kupandia mboga na mayai matatu ya mjusi. Nikasafisha. Nikapachika memori, nikawasha, mashine ikanipigia kelele mara tatu na kugoma. Nilizichomoa, nikazisugua miguu yake ya shaba kwa kifutio cha penseli cha Baba, kile alichokuwa akinisugulia hesabu zangu mbovu, nikarudisha. Ikakubali. Nikaanza kuhamisha kila kitu kutoka diski kuukuu kwenda mpya, na kazi hiyo haina kuharakishwa, kwa hiyo nikapiga magoti. Niliomba mhubiri awe na mengi ya kusema. Ndiyo sala iliyotoka rohoni kuliko zote nilizosali mwaka ule.

Alikuwa na mengi. Kazi ilipokwisha nikaweka betri, nikarekebisha saa na tarehe kwa kuangalia simu yangu, kwa majivuno ya fundi. Nikachapisha ukurasa mmoja wa majaribio kuona kama printa bado inasikilizana na mashine. Ukatoka safi. Katika nyumba ya Baba karatasi yenye upande mmoja mweupe haitupwi; hulazwa kwenye rundo kando ya printa, upande mweupe juu, ichapishwe tena. Mkono wangu ukailaza pale wenyewe, kwa mazoea ya utotoni. Nikafunika kitambaa, nikarudi kitandani kuugua.

Jua lilipozama Baba akaiwasha. Alikuwa anavuta kiti ili akae angoje, na kabla hajakikalia, mashine iko tayari. Akaizima. Akaiwasha tena. Akaniita na tumbo langu.

“Unaona?” akaninong'oneza. “Mwaka mzima nimeiombea.”

Nikasema, “Bwana asifiwe, Baba.” Ningesema nini?

Sabato iliyofuata, wakati wa shukrani, akasimama mimbarani. Akawaeleza kwamba kompyuta iliyokuwa maiti imefufuka bila mkono wa mtu kuigusa. Kanisa likaitika amina ya kutikisa mabati. Mzee wa kanisa akadakia kwamba kipaza sauti nacho kina mwaka kimekufa, karani akiombee. Nikajificha nyuma ya kitabu cha nyimbo, nacheka hadi benchi linatetemeka.

Kisha Baba akaanza matangazo. Karatasi nne, zimechapwa vizuri, tayari tangu Jumatatu. Alisoma za kwanza mbili akizishika kwa kushoto. Ya tatu ikagoma kufunguka. Akautoa mkono wa kulia mfukoni ili aitenganishe, na karatasi zote zikamwagika chini. Akaziokota, akazipanga, akaendelea, na ile ya mwisho akawa ameigeuza. Baba husoma kilicho mbele yake, na kikiwa Kiingereza hukitafsiri papo hapo, ualimu haujamtoka.

“Ukurasa wa majaribio,” akasoma. “Umechapishwa Jumamosi, saa tano na dakika hamsini asubuhi...”

Juma lililopita, Jumamosi, saa tano na dakika hamsini, yeye alikuwa amekaa pale pale mbele ya watu, na nyumbani alikuwepo mgonjwa mmoja tu. Akaniangalia juu ya miwani. Kicheko changu kikafa. Ningeiacha ile saa na ujinga wake, karatasi ingeandika mwaka wa zamani huko na hakuna ambaye angejua.

Angeweza kuikunja karatasi na kusema tuombe. Wajumbe wa kamati walikuwa benchi la mbele, wote. Nilimwomba kwa macho, Baba, kunja. Lakini huyu ni mtu ambaye kwa miaka yote hiyo hajafungua kikao bila kuuliza kama kuna masahihisho kwenye kumbukumbu za kikao kilichopita.

“Nina masahihisho,” akasema. “Nilisema hakuna mkono wa mtu. Mkono ulikuwepo. Ni wa binti yangu, na ulifanya kazi siku ya Sabato.” Kisha akauinua mkono wake wa kulia juu, mbele ya kanisa zima, akauacha utetemeke. “Na huu hauwezi tena kalamu. Niliwaficha. Nalo liandikwe.”

Mimi nililia, na safari hii sikuwa naigiza.

Baraza la kanisa lilikaa, na kikao cha washiriki wote kikafuata. Mimi nikawekwa chini ya marudi miezi mitatu. Nisifundishe watoto, nisishike wajibu wowote. Baba wakambakiza. Mjumbe mmoja alisema karani anayejisahihisha mwenyewe hadharani hapatikani kila mwaka, na yule kijana akapewa kumsaidia kubeba mafaili.

Jumapili asubuhi Baba akawasha kompyuta ili aandike kumbukumbu. Ikawaka mara moja, isiyo na huruma. Akaniita nikae karibu.

“Niandike ‘kwa makusudi’?” akauliza.

“Andika, Baba. Ilikuwa makusudi.”

Akachapa kwa kile kidole kimoja. Ta. Ta. Ta. Nilidhani amemaliza, lakini aliendelea kwa muda mrefu, kisha akaniashiria nisome. Ilisema kwamba mshiriki tajwa alivunja Sabato kwa makusudi, akimsaidia mzee aliyeona haya kuomba msaada.

“Baba,” nikasema, “haya ya mwisho hayakusemwa kikaoni.”

“Karani ni nani?” akaniuliza, akabonyeza kuchapisha.