Mchakamchaka wa Baba Hadi Zizini

Daktari wa Bariadi alimwambia baba ana Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa. Ameze dawa kwa saa zake, afanye mazoezi kila siku, hatua ndefu, mikono irushwe. Baba alirudi kijijini Migato akinung'unika. Mtu aliyechunga tangu utotoni afundishwe kutembea! Lakini miguu yake ilikuwa inagoma mlangoni kama ndama anayekataa josho, na alichotaka ni kimoja tu: afike zizini mwenyewe kila asubuhi.

Mazoezi niliyoyajua mimi ni mchakamchaka wa shule. Kabla sijaenda darasani nilimtangulia nikiimba "mchakamchaka!", yeye akiitikia "chinja!" kwa kile kisauti kilichombakia.

"Pandisha goti, baba! Wewe siyo kinyonga."

"Kinyonga ndiye aliyekuzaa, mjinga wewe."

Wimbo ukiwepo, miguu ilitii. Alivuka mlango, akafika zizini, akawatukana ng'ombe kama zamani.

Ndipo baba mkubwa akaja kutoka Mwamapalala. Akautazama mkono wa mdogo wake unavyotetemeka, akatikisa kichwa.

"Huu siyo ugonjwa. Ni masamva. Mizimu ya wazee wetu inamtaka awe mganga, nanyi mnamkimbiza kama mwanafunzi!"

Baba akavalishwa shanga nyeupe. Kikajengwa kibanda cha nyasi, akaamriwa akae humo ametulia mpaka wazee waseme. Vidonge vikafungiwa sandukuni.

"Baba mkubwa," nikauliza, "wazee wamekosa mwenye mkono uliotulia? Huyu si atamwaga dawa yote?"

Mama alinifinya. Baba alicheka, najua, ingawa uso wake siku hizi haucheki, niliona mabega yakitikisika.

Alikaa humo mpaka mvua zikakatika. Wazee hawakusema neno. Alikakamaa hadi tukawa tunamgeuza kitandani, ndipo mama akavunja sanduku na kumrudisha kwa daktari. Daktari alifoka sana, kisha akamwanzishia dawa upya.

Siku ya kwanza ya kurudia mazoezi niliimba kwa nguvu. Baba akaitikia "chinja!" Miguu haikwenda. Nikaimba tena. Akajisukuma, akaanguka kifudifudi mlangoni.

Sasa tunafanya akiwa kitini, mbele ya nyumba. Anakanyaga chini, anarusha mikono. Daktari anasema afadhali hivyo kuliko kukaa bure. Zizi liko nyuma ya nyumba. Ng'ombe wakitoka kwenda malishoni, tunaona vumbi tu juu ya paa. Baba huninong'oneza, "Imba, basi."