Wekundu Usoni mwa Mama Zarina

Siku yangu ya kwanza katika kliniki ya ngozi, mjini Tanga, Matroni alinishika mikono kabla sijamgusa mgonjwa. "Ina baridi hii," akasema. "Kaipashe moto kwanza, kisha urudi." Nilikuwa nimetoka mafunzo ya uuguzi nikijua majina ya magonjwa, kazi yenyewe alinifundisha yeye. Ngozi husomwa dirishani, penye mwanga wa mchana. Marhamu, yaani dawa nzito ya kupaka, huchanganywa juu ya kigae kwa kisu bapa mpaka chembe zote zipotee. Na mgonjwa huulizwa anaogea nini kabla ya kuulizwa anaumwa nini.

Baadaye nilihamishiwa zahanati moja upande wa Pongwe. Ilikuwa miaka ile ya shida, sabuni haionekani madukani, watu wakijipikia zao kwa mafuta ya nazi na magadi makali. Nyuso nyingi zilichubuka. Mkubwa wangu, Mganga Msaidizi, alikuwa mchapakazi na mtu mwema, lakini dawa zilikuwa haba na subira yake pia ilikuwa haba.

Hapo ndipo nilipompokea Mama Zarina. Mumewe, Bwana Karim, alikuwa na duka kando ya barabara. Walikuwa Waislamu wa asili ya Kihindi, wazaliwa wa hapahapa, Kiswahili chao cha Tanga hasa. Mama mwenyewe alikaribia miaka hamsini. Aliingia amejitanda ushungi mpaka machoni, na alipoufunua nikaona pua na mashavu mekundu, kama mtu aliyeunguzwa na jua.

Mganga Msaidizi alimtupia jicho mara moja. "Aleji hiyo. Mpe vidonge."

Nikampa. Naona haya kuliandika hili: nilimpa bila kumuuliza lolote.

Baada ya wiki tatu alirudi analia.

"Sista, watu wanasema nakunywa pombe. Mimi! Nikiwa dukani uso unaniwaka ghafla, unakuwa mwekundu, jasho linanitiririka mbele ya wateja. Maneno yamefika kwa watu waliotaka kumposa Zarina. Walikuwa waje, sasa kimya. Na juzi..." Akauvuta ushungi usoni. "Juzi mume wangu alininusa mdomo."

Nikafunga mlango. Nikamuuliza habari za hedhi.

"Mwezi wa nane huu sijaiona," akanong'ona, kama anayeungama kosa. "Nikadhani nimerogwa."

Nikamweleza kwamba hajarogwa. Mwanamke anapofikia ukomo wa hedhi, homoni za uzazi hupungua mwilini. Joto humpanda bila taarifa, damu hukimbilia usoni, na ngozi hukauka ikawa haivumilii kitu. Wengine wekundu huwabakia. Nikamwambia aiache sabuni ya magadi, anawe kwa maji ya uvuguvugu, ajikaushe kwa kugusagusa kwa kanga laini, apake mafuta ya mgando kidogo tu, na aepuke jua, pilipili, chai ya moto sana na joto la jiko.

"Na mume wangu, nani atamwambia?"

"Mlete."

Mganga Msaidizi hakupenda. "Sista, mambo ya kike hayo. Hapa hatuna nafasi ya mihadhara."

Sikuwa nimewahi kumjibu. "Bwana Mganga, nitatumia saa yangu ya chakula."

Bwana Karim alikaa kwenye benchi, kofia mapajani, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mkewe. "Nisamehe, Mama Zarina. Miaka yote hii nakujua, halafu nikakunusa."

Tangu siku ile jikoni aliingia yeye. Majirani walimcheka mwenye duka anayesukuma chapati, naye akawakaribisha kula. Akapanda basi hadi mjini kwa wale waliotaka kumposa Zarina, akawaambia waziwazi: "Mke wangu ameacha hedhi, hajaacha dini." Wanaume wakainamisha vichwa. Mama wa yule kijana, mwanamke wa umri uleule, ndiye aliyesimama akaomba radhi. Posa ikaletwa.

Kisha ukaja wakati wa ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka yakajaa bidhaa kutoka nje, pamoja na krimu za kila rangi. Mama Zarina akajipaka moja kwa siri. Siku tatu tu, uso ukatakata. Baada ya miezi michache ngozi ilikuwa nyembamba kama ya kitunguu, wekundu umerudi na vipele juu yake. Krimu ile ilikuwa na dawa kali isiyotakiwa kupakwa usoni ovyo.

"Nilitaka siku ya harusi watu wamtazame mwanangu," alisema, "wasinitazame mimi."

Sikumgombeza. Tulimwachisha, na kwa wiki kadhaa uso ulizidi kuwa mbaya kabla ya kutulia. Wekundu haukuisha wote. Siku ya harusi alikaa mbele, uso wazi, mashavu yake yakiwa vilevile, akipiga vigelegele kuliko wote. Na zile krimu Bwana Karim alikuwa ameshaziondoa rafuni dukani mwake, ingawa ndizo zilizokuwa zikinunuliwa sana.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Moa, na huko ndiko ukomo wa hedhi ulikonipata mimi. Kwenye ngozi nyeusi kama yangu wekundu hauonekani kwa urahisi. Unausikia tu, uso unachoma kama umepakwa pilipili. Mara nyingi niliacha chumba cha sindano nikaegemea ukuta wa nyuma mpaka joto lipite. Sikumwambia mtu. Niliwauliza wanawake wengi mno katika kazi yangu, na mimi hakuna aliyeniuliza.

Sasa nimestaafu, naishi Nguvumali. Hivi karibuni nilikwenda kupima presha. Muuguzi, binti mdogo, akaniamkia, "Shikamoo mama," akanipima, halafu akauliza hedhi ilikoma lini na ilinisumbua vipi. Nikaanza kumweleza kwa lugha ya kazi: dalili, sababu, tiba.

Akaweka kalamu chini. "Hapana, mama. Nakuuliza wewe."

Nikalia palepale kitini, mtu mzima na mvi zangu. Hakunihimiza. Alivuta kiti chake karibu, akanisubiri.