Kisima Kilichosomwa Mnadani

Takwimu za visima halmashauri walikuwa nazo siku nyingi, ziko kwenye tovuti, wazi kwa kila mtu. Sikatai. Hata mlango wa benki uko wazi. Mimi nilizijua siku afisa wa maji, kijana mgeni kutoka pwani, alipoazima kipaza sauti cha mnada wa ng'ombe huku upande wa Kasoli, akasoma hali ya kisima cha kila kijiji kabla hajapanga fundi wa pampu aende wapi.

Nilikuwa nahesabu mbuzi wangu mara ya pili, maana ya kwanza siiamini, nikasikia kijiji chetu: "Kinafanya kazi."

Watu wakacheka. Pampu yetu ilikufa tangu mavuno ya pamba, na mke wangu alikuwa anafukua mchanga mtoni apate ndoo moja ya maji yenye rangi ya chai. Fundi angetupita hivi hivi.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "hicho kisima unakisoma au unakiuza?"

"Mwenyekiti wenu alinijibu mwenyewe kwa simu, mzee. Nilimuuliza maji vipi, akasema mhola."

Mwenyekiti alikuwa palepale, kashika kamba ya dume lake. "Ulitaka nianze na msiba? Mtu anakujulia hali, unajibu mhola, salama, halafu ndiyo unaingia kwenye shida. Wewe ukakata simu!"

Kwetu habari mbaya haitangulii. Kijana hakulijua hilo, na tovuti isingemwambia. Kusoma, yeyote angesoma. Pa kujibia hapakuwepo.

Akataka tulete barua ya kijiji wiki ijayo. Nikamwambia barua ya nini, kijiji chenyewe hiki hapa, uliza. Tukavutana kama tunauziana ndama. Mwishowe akauliza kwa kipaza sauti, mwenyekiti akarudia kwa Kisukuma, na akina mama wauza viazi wakajibu kabla hajamaliza. Kijana akasahihisha mbele yetu, akasoma upya. Hapo vijiji vingine viwili navyo vikapiga kelele kwamba taarifa zao pia ni za uongo.

Fundi alikuja Ijumaa. Maji ya kwanza yalitoka mekundu, baadaye yakatakata. Nilisogea mbele kidogo, kama mtu aliyehusika. Mke wangu akaniambia nirudi nyuma, nipange ndoo kama wenzangu.