Rangi ya Kwaya ya Sironga

Nyangate wa Sironga si mtu wa kulia ovyo, lakini makambi ya kanisa ya mwaka jana yalimliza. Wasabato wetu mnawajua: kwaya huficha rangi ya sare mpya mpaka siku yenyewe ya kambi. Yeye, mwalimu wa kwaya, aliificha zambarau yake hata kwa mumewe. Kumbe! Kwaya ya jirani yake Eucabeth, wa kanisa la ng'ambo ya mto, ikatangulia kuingia hemani na zambarau ile ile.

"Nani alinichongea?" alimuuliza Mulki, muuza vitambaa wa Keroka, alipoenda kutafuta rangi ya mwaka huu na kumsimulia kisa cha Eucabeth.

"Si simu yako, mama? Eucabeth huiazima?"

"Kila jioni. Anatazama nyimbo."

"Basi ndiyo hiyo. Ukitafuta zambarau, tovuti zinakubandika alama, na matangazo ya zambarau yanakufuata kila unapofungua. Yeye anasoma tu."

Loo! Nyangate alishika kiuno. Mulki akamwonyesha kwenye simu dirisha la faragha lisiloweka kumbukumbu, akamfundisha kukataa vidakuzi, ndizo alama zile, kufuta vya zamani na kuizuia simu isiseme yuko wapi.

"Kampuni ya mtandao bado inakuona," alionya, "lakini jirani, hapana."

Nyangate alirudi nyumbani, na ujanja ukamjia njiani. Kwenye dirisha la faragha alitafuta mishono ya samawati. Kwenye lile la kawaida, bila kujificha, alitafuta rangi ya machungwa: magauni ya machungwa, vilemba vya machungwa, hata viatu! Kisha akamwachia Eucabeth simu, akabaki jikoni akimenya ndizi huku amejiuma mdomo asicheke. Eucabeth aliaga hata wimbo wa kwanza haujaisha.

Sabato ya kambi ikafika. Kwaya ya Eucabeth ikaingia na machungwa kutoka kichwani mpaka miguuni. Nyangate nusura aruke kwa raha! Akawapungia wanakwaya wake mkono waingie. Samawati! Hema zima likasimama, "Amina!" zikapaa, na yeye mwenyewe akapaza yake kuliko wote.

Eucabeth alimkodolea macho, akavitazama viatu vyake vya machungwa, akamsogelea.

"Jirani, hii ulinipikia?"

"Na wewe ukala bila kunawa."

Wakaangua kicheko, mpaka mchungaji akawaomba wote wawili watoke nje.