Kithembe cha Asali Kizuizini

Mwau Kiema akiona kizuizi cha polisi mbele, hafanyi kama sisi wengine. Madereva wengine huanza kutafuta mikanda na kunong'ona. Yeye hupunguza mwendo kabla hajapungiwa mkono. Huegesha pikapu yake ya buluu pembeni, akazima injini, akateremka na kufungua mlango wa nyuma mwenyewe. Kisha huinua mikono kama shati lililoanikwa na kusema, "Kujeni mnisachi, afande. Mkipata kitu tugawane, maana mimi tangu nizaliwe sijapata."

Askari hucheka. Si kwamba hawampekui. Wanampekua. Wanamvua kofia, wanaingiza mikono mifukoni mwake, wanampapasa mpaka kwenye soksi. Siku moja kule Kibwezi walimteremshia matikiti maji yote aliyobeba, moja moja, yakapangwa kando ya barabara ya Mombasa kana kwamba ameanzisha soko. Mimi nilikuwa ndani ya pikapu, damu ikinichemka. Mwau alikaa juu ya jiwe, akapasua tikiti moja, akawapa askari vipande, akamuuliza mmoja wao kama mama yake amepona mguu. Walimsaidia kupakia yote.

Kinachonichoma mimi ni kwamba jambo hilo halimchomi yeye.

Mimi walinipekua mara moja nikienda Kitui mjini kwa shughuli zangu. Kijana ambaye ningeweza kuwa nilimpeleka baba yake tohara alichukua Biblia yangu, akaishika kwa jalada na kuitikisa juu chini. Ndani nilikuwa nimeweka vipande vya magazeti nilivyokuwa nikivikata tangu ujana wangu, maana mimi sikupelekwa shule. Nilijifunza kusoma kwa karatasi za kufungia sukari. Upepo ulivichukua vile vipande mpaka kwenye ua wa michongoma. Kijana alisema, "Pole, mzee," na akageukia gari lililofuata. Nimeisikia ile pole miaka yote hii.

Mwau nami tulizaliwa mwaka mmoja, tukachunga mbuzi pamoja vilimani juu ya mji wa Kabati. Yeye hata kusoma hakujifunza vizuri. Alianza kama taniboi, utingo wa lori la pamba, akiruka na kuning'inia nyuma, mpaka tajiri wake akampa usukani. Lori liliuzwa, pamba ikafa, Mwau akajinunulia pikapu. Mimi nilichagua maneno. Nilikaa miguuni pa wazee, nikashika koo zote za Ukambani, nani ni wa nani, nani haoani na nani, neno gani linatangulia jingine katika kikao cha mahari. Nikawa msemaji. Kwa miaka mingi hakuna nyumba ya upande wetu iliyopeleka ntheo bila mimi. Ntheo ni wale mbuzi wa kwanza ambao bila hao binti hajaolewa, hata akizaa watoto kumi.

Zamani zile tulikwenda kwa miguu. Msemaji alitangulia njiani, na nyuma yake kijana akibeba kithembe cha asali begani. Kithembe ni gogo lililochongwa likatobolewa ndani, likafunikwa kwa ngozi iliyoshonwa. Watu tuliokutana nao walikiona, wakakaa kando ya njia na kutupisha. Hakuna aliyeuliza kuna nini ndani. Na ngozi ile haikufunguliwa na mtu yeyote ila mtu wa ukoo wa bibi arusi. Ikifunguliwa na mwingine, hiyo si zawadi tena, ni mabaki, na mnarudishwa nyumbani na mbuzi wenu.

Siku hizi msemaji hasafiri mbele. Hubanwa katikati ya kiti, gia ikimgonga goti. Watu wakitaka kupeleka ntheo hawaulizi tena habari zangu, "Mulinge yuko?" Huuliza, "Mwau yuko? Gari lake huwa halisumbuliwi." Mimi huitwa baadaye, kama chumvi.

Mwaka jana zamu ilifika nyumbani kwangu. Mjukuu wangu Mutie alimpata Nzisa, binti wa Mzee Nzau wa Mbumbuni, ukoo wa Anzauni. Nzau ni mzee wa kanisa, lakini katika mambo ya mahari ni mtu wa zamani kuliko mimi. Aliwahi kuwarudisha wajumbe wa kijana mwingine kwa sababu ngozi ya kithembe chao ilikuwa imelegea upande mmoja. Kijana yule hakurudi tena. Mutie aliijua habari hiyo na kwa wiki nzima hakula vizuri.

"Umau," aliniambia, kwa maana ndivyo tunavyomwita babu, "tununue ndoo ya plastiki, ile ya kuonekana ndani. Hata askari akitusimamisha ataona ni asali tu."

"Ukitaka kuoa kwa ndoo, kaoe dukani," nilimjibu.

Asali ilikuwa yangu, kutoka mizinga yangu mwenyewe. Zamani tungepeleka pombe ya asali, lakini kanisa limeikataa, tumebaki na asali yenyewe. Hiyo nayo niipeleke kwa plastiki? Nilikitoa kithembe cha baba yangu, nikakiosha kwa moshi, nikashona ngozi mpya kwa mikono hii. Nilishona siku nzima. Hata mchwa asingepata pa kupita.

Tuliondoka asubuhi, Mwau kwenye usukani, mimi kando yake na kithembe katikati ya miguu yangu, Mutie nyuma na mbuzi watatu. Tulivuka daraja la mto Athi, tukapanda kilima, na hapo tukaona mbao za misumari barabarani.

Mwau alifanya yake. Aliegesha, akazima, akateremka, mikono juu.

Askari walikuwa wawili. Mkubwa alikuwa sajini mwenye mvi, mtu wa upande wa Mlima Kenya kwa lafudhi yake. Kifuani palikuwa na jina Ng'ang'a. Wa pili alikuwa msichana mwembamba mwenye buti kubwa kuliko yeye, jina lake Kathini.

"Wazee, mnaenda harusi ama matanga?" Ng'ang'a aliuliza.

"Tunaenda kutafuta bibi, afande," Mwau akasema. "Si wangu. Aliye nyumbani amenitosha mpaka nimebaki mifupa."

Sajini alicheka, akampapasa, akatazama chini ya mbuzi, akamtazama Mutie. Kisha akaja upande wangu, akafungua mlango, macho yake yakatua kwenye kithembe.

"Hii ngoma ni ya nini?"

"Si ngoma. Ni asali ya ntheo."

"Sawa. Fungua nione."

"Haifunguliwi."

"Mzee wangu," alisema polepole, "wiki hii tumetoa bangi kwa godoro la mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe akiwa amelala juu. Fungua."

"Nipasue tumbo kwanza."

"Kupasua tumbo sina ruhusa. Ya ngoma ninayo." Akageuka. "Kathini, leta kisu."

Nilikikumbatia kithembe. Nilimweleza habari za zamani, njia ilivyokuwa ikiachwa wazi, hata adui alivyoheshimu ngozi iliyoshonwa. Nilisema vizuri. Katika kikao chochote cha wazee maneno yale yangenyamazisha watu. Ng'ang'a alisikiliza mpaka mwisho, kwa hilo namsifu, halafu akasema kwamba ama nifungue ama gari lipelekwe kituoni na kithembe kifunguliwe huko.

Mutie alikuwa ameteremka. Alisimama kando ya gurudumu, mikono imeshika kichwa. "Umau, tafadhali," alisema, na sikujua ananiomba nini, nifungue au nisifungue. Nadhani naye hakujua.

Msichana alikuwa ameshakuja na kisu kidogo cha kukunja.

Hapo Mwau, ambaye mikono yake bado ilikuwa juu kwa sababu hakuna aliyemwambia aishushe, alimgeukia na kusema kwa Kikamba, kwa sauti ya mtu anayeomba maji, "Mwaitu, wewe ni wa ukoo gani?"

Alimwita mama, kama tunavyomwita mwanamke tunayemheshimu, ingawa angeweza kuwa mjukuu wake. Msichana alimtazama mkubwa wake kwanza. Kisha akajibu kwa kumwita baba, "Mimi ni wa Anzauni, asa. Kwetu ni huko chini karibu na Kibwezi."

"Afande," Mwau alisema kwa Kiswahili, akishusha mikono, "mzigo umefika. Mwenyewe ni huyu."

Swali lile lilikuwa langu. Nataka msomaji alijue hilo. Mimi ndiye niliyemfundisha Mwau, tukichunga, kwamba mgeni huulizwa ukoo kabla ya jina. Yeye wakati huo alikuwa akiwapiga ndege kwa mawe na nilidhani hasikii. Nimeliuliza swali lile maisha yangu yote, katika nyumba za watu wakubwa, na siku nilipolihitaji kuliko siku zote lilitoka katika kinywa cha mtu aliyekuwa taniboi.

Ng'ang'a alitaka kuelezwa, akaelezwa.

"Kwa hivyo yeye akifungua ni sawa, mimi nikifungua ni makosa?"

"Ukifungua wewe tutarudi na mbuzi," Mwau akasema, "na huyu kijana atalia mpaka Krismasi. Unaona vile macho yake yameshajaa?"

Sajini alimtazama Mutie, akajikuna shingo. "Hata kwetu asali ya ruracio, ya mahari, haichezewi," alisema. "Kathini, angalia wewe. Lakini angalia mpaka chini kabisa."

Msichana alivua kofia yake. Hakuambiwa. Alipiga magoti kwenye changarawe, akakata mishono yangu, akaingiza kijiti kilichochongwa mpaka kikagusa sakafu ya gogo. Alipokitoa alisitasita.

"Onja, mwaitu," Mwau alimwambia. "Ni ya kwenu."

Alionja, akafumba macho. "Hii ni kama ya susu," alisema. Susu ni nyanya, mke wa umau. Mwau akamuuliza jina la huyo susu na mahali alipozaliwa, na wakaendelea hivyo, yeye na Mwau, huku mimi mwenye asali nimekaa kama abiria. Hakukuwa na uzi wa kushonea tena. Msichana aliinama, akafungua buti lake la kushoto, akachomoa kamba, akafunga ngozi kwa kamba ile nyeusi ya serikali, akakaza kwa meno.

Tulifika Mbumbuni wazee wameshakaa na pasta ameshaomba. Mutie aliweka kithembe katikati. Mzee Nzau alipitisha kidole juu ya ile kamba, polepole, mpaka kwenye fundo. Kule jikoni niliona kitambaa cha Nzisa dirishani, kisha sikukiona tena.

"Mulinge," Nzau alisema, "hii ni nini?"

Nilisimama. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani. Nilianza na njia za zamani, nikaja kwenye nyakati zetu hizi ambazo mzee anapekuliwa kama mwizi wa kuku, na nilikuwa naelekea kwenye swali lake. Nzau aliinua mkono.

"Nimeuliza hii ni nini."

Kutoka nyuma, pale madereva wanapokaa na vijana, Mwau alisema, "Ni kamba ya kiatu cha binti yenu."

Wakamwita mbele. Aliwasimulia yote, pamoja na mikono yake iliyosahauliwa juu, na wazee wakacheka mpaka mmoja akavua miwani. Nzau hakucheka. Aliuliza binti huyo anaitwa nani, ni wa nani, nyanya yake alitoka mlima gani. Mwau alijibu kila swali. Alikuwa amemuuliza yote pale kwenye changarawe.

Nzau aliligusa tena lile fundo. "Basi," alisema, "ilifunguliwa nyumbani."

Jikoni mwanamke mmoja alipiga kigelegele. Mjukuu wangu alikuwa amepata mke, na nilifurahi, ingawa najua furaha yangu ilikuwa na mwiba ndani. Mbuzi wa ntheo alipochinjwa, figo, ambalo kwa miaka yote nimepewa mimi, lilikwenda kwa Mwau katika sahani yenye maua. Alinikatia nusu. Nilisema nimeshiba.

Kabla hatujaondoka Nzau aliifungua ile kamba, akaikunja vizuri na kuitia mkononi mwa Mwau. "Mrudishie mtoto wetu," alisema. "Asitembee hivyo."

Tulipofika tena kwenye kilima juu ya Athi, jua bado lilikuwa juu ya miti. Mbao za misumari zilikuwa pale pale, na Kathini alisimama kando yake, buti la kushoto limefungwa kwa katani. Mwau aliegesha, akazima, akateremka. Mara hii nami niliteremka, kwa hiari yangu, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nilisogea mbele ya Mwau. Niliinua mikono.

"Shusha tu mikono, umau," msichana alisema. Macho yake yalikuwa kwa Mwau. "Walikubali?"

"Walikubali," nilisema mimi.

"Walisema ulifungulia nyumbani," Mwau aliongeza, na kumpa kamba yake.

Msichana alicheka kwa sauti, akasahau sare aliyovaa. Alifungua katani, akainua mguu ili apitishe kamba katika matundu, na kwa kuwa alikuwa amesimama kwa mguu mmoja alinyoosha mkono kutafuta pa kujishikilia. Alijishikilia begani kwa Mwau.

Bega langu lilikuwa karibu zaidi.