Kinyago Kilichosikia

Ukitaka kucheka, cheka, lakini hili sikusimuliwa. Lilinipata mimi mwenyewe, saa saba mchana, jua likiwaka, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe.

Wakati wa vita vya Msumbiji nilikuwa karani Newala, mtu wa kuja kutoka Bukoba. Ofisi yetu ilipanga malori ya mahindi kwa wakimbizi waliovuka Ruvuma. Basi, malori mawili yakakanyaga mabomu, tena kwenye njia tulizozichagua jana yake tu. Na njia hizo tulizijua wawili: mimi na mkuu wangu, Baba Rehema. Unadhani nani alishukiwa? Mgeni! Nikaambiwa kesho yake nikajieleze polisi.

Mchana ule nilikuwa peke yangu ofisini. Akaingia bibi mmoja wa Kimakonde, ana ndonya, kile kipande cha mti cha urembo, kwenye mdomo wa juu, na kichwani kapu la ming'oko, viazi vya porini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mnaongea mbele ya mtu?"

Nikatazama huku na huku. Mtu gani? Akanyoosha kidole kwenye redio yangu ya mkulima, ile ndogo ya betri. "Iwashe. Tembea nayo, ukizungusha sindano polepole. Ikimkuta, italia."

Nikainama kuiwasha. Nilipoinuka, bibi hayupo. Nikatoka mbio. Tarishi wetu alikuwa amekaa palepale mlangoni, akaniapia hajaona mtu kuingia wala kutoka. Nywele zilinisimama, niamini.

Lakini mtu anayengojwa na polisi hachagui msaada. Nikaanza kuzunguka na redio: kabatini, dirishani, chini ya meza. Ndipo Baba Rehema akarudi, akanikuta nimepiga magoti.

"Wewe, umerukwa na akili?"

Na redio nayo ikasema, kwa sauti yake hasa: "Umerukwa na akili?"

Mzee wa watu akaruka nyuma, kofia ikaanguka. Nikaisogeza redio mezani kwake. Ilipofika karibu na kinyago kilichosimama juu yake, ikapiga ukelele wa kupasua masikio. Kinyago kile alikileta mfanyabiashara mmoja, zawadi, na kila wiki alikuja mwenyewe kukipaka mafuta king'ae. Tulimsifu kwa ukarimu! Tukakigeuza. Kitakoni palikuwa na kizibo cha mti, na ndani yake kidude kama kiberiti, na betri, na waya mwembamba.

Baba Rehema akaweka kidole mdomoni mwake kunionya nisiseme, akaandika kwenye karatasi: "Nisamehe, mwanangu." Mfanyabiashara alipokuja na chupa yake ya mafuta, polisi walimkaribisha wao. Chumbani kwake, ng'ambo ya barabara, ilikutwa redio ya kunasia maneno yetu na kuwapasha adui, pamoja na betri za kubadilishia kwenye kinyago kila wiki.

Nikamtafuta yule bibi nimshukuru. Kila mkimbizi niliyemweleza sura yake alinielekeza kijiji cha Mkunya, kwenye nyumba moja. Binti aliyenifungulia alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaketi chini. "Huyo ni bibi yangu. Alifia Ruvuma mwaka jana, ndege zilipowakuta wakivuka."

Tulilia wote wawili. Halafu nikarudi tena kumjulia hali, na tena, na tena, mpaka shangazi zake wakauliza nina nia gani. Leo tuna watoto watano, na hakuna chumba ninacholala kabla sijakikagua. Mke wangu hucheka hadi machozi yanamtoka.

Nawe ukipewa kitu cha bure, kigeuze utazame kitakoni. Na ukitokewa na usiyemjua akakuonya, usianze kumuuliza katokea wapi. Fanya kwanza alichokuambia.